Ngojangoja ya Mkulima: Kahawa, Butura na Magendo katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuanzia Enzi ya Ukoloni hadi 2024

1.0 Utangulizi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kahawa ya aina ya robusta huvunwa kuanzia mwezi Mei na kuendelea hadi Septemba. Mahitaji ya kaya hayafuati kalenda hiyo. Sare na madaftari ya wanafunzi hununuliwa Januari, palizi ya maharage huhitaji vibarua wakati wa mvua, na ugonjwa hauna msimu. Kwa sababu hiyo, kila mwaka mkulima hupitia miezi kadhaa ambayo ana mali shambani lakini hana fedha mkononi. Hata baada ya kuvuna, fedha hazifiki siku ile ile. Kahawa huanikwa, hupimwa, hukusanywa, hukobolewa na kuuzwa mahali pengine, na kila hatua huongeza siku za kusubiri.

Makala haya yanachunguza historia ya kusubiri huko. Mara nyingi malalamiko ya wakulima wa Kagera dhidi ya siasa za nchi na uendeshaji wa uchumi huelezwa kuwa ni malalamiko kuhusu bei. Bei ni sehemu muhimu ya suala hili, lakini haitoshi kulieleza. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kila mfumo wa soko uliowekwa tangu enzi ya ukoloni umembebesha mkulima mzigo wa kungoja na hatari zake, huku uamuzi kuhusu lini atalipwa ukibaki kwa wengine. Butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, na magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda, ni njia mbili ambazo mkulima amezitumia kufupisha kungoja huko. Zikitazamwa hivyo, njia hizi zinaonekana kuwa hukumu ya mkulima juu ya mfumo aliopangiwa, zaidi ya kuwa ushahidi wa ujinga wake au kukosa uzalendo kwake.

2.0 Kahawa kabla na baada ya kuwa zao la fedha

Karagwe ni nchi yenye historia ndefu ya utawala. Ufalme wake, uliokuwa na makao yake Bweranyange, ulijulikana kwa wafanyabiashara wa pwani kabla ya wapelelezi wa Kiingereza, Speke na Grant, kupokewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Wakati huo kahawa ilikwisha kuwapo katika eneo lote la magharibi mwa Ziwa Viktoria. Haikuwa kinywaji. Buni zilichemshwa pamoja na majani ya viungo, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa buni, na undugu wa kuchanjiana damu ulifungwa kwa buni. Thamani ya kahawa ilikuwa katika uhusiano iliouthibitisha baina ya watu, na ilipatikana papo hapo, pale ilipotolewa na kupokewa.

Utawala wa kikoloni uliibadili thamani hiyo. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, bandari ya Bukoba iliunganishwa na soko la dunia kwa njia ya ziwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chini ya Waingereza, upandaji wa mibuni ulienea katika mashamba ya wakulima wadogo, ukisukumwa na kodi pamoja na hamu ya watu wenyewe kupata nguo, mabati na karo. Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba, iliingia katika uchumi huo ikiwa pembezoni: mbali na bandari na karibu na mpaka.

Tangu mwanzo, uchumi huo ulikuwa na siasa zake. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba waliinuka dhidi ya kanuni za kilimo cha kahawa zilizowekwa na serikali ya kikoloni, ambazo ziliwapa maofisa uwezo wa kuingia shambani na kuamua namna ya kutunza mibuni. Mgogoro huo ulihusu mamlaka juu ya shamba: ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu zao ambalo jasho lake ni la mkulima? Swali hilo halikumalizwa na ukoloni.

3.0 Ushirika na mnunuzi mmoja

Jibu la kwanza lililotoka kwa wakulima wenyewe lilikuwa ushirika. Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Bukoba, kilichofahamika kwa kifupi cha BNCU, kiliundwa mwaka 1950 na kuunganisha vyama vya msingi vya vijijini. Lengo lilikuwa kuwaondoa walanguzi kati ya mkulima na soko, na kumpa mkulima sehemu kubwa zaidi ya thamani ya zao lake. Kwa kizazi kilichoshuhudia miaka hiyo, chama kilikuwa shule ya siasa. Mwanachama alijifunza kupiga kura, kusoma hesabu na kumhoji karani wa mizani.

Hata hivyo, ushirika ulileta utaratibu ambao ungedumu kwa miongo mingi: malipo kwa awamu. Mkulima alipokea malipo ya awali alipopeleka kahawa chamani, kisha akasubiri malipo ya pili baada ya chama kikuu kuuza na kukata gharama zake. Kwa nadharia, utaratibu huu ulimlinda, kwa kuwa bei ikipanda angepata nyongeza. Kwa vitendo, ulimfanya mkulima kuwa mkopeshaji wa chama chake. Alitoa mali yote leo, akalipwa sehemu tu ya thamani yake, na sehemu iliyobaki ikategemea uadilifu wa watu aliokuwa na uwezo mdogo wa kuwasimamia.

Baada ya uhuru, serikali ilizidi kuushika ushirika. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote. Vijiji vikapewa kazi ya vyama vya msingi, na Mamlaka ya Kahawa Tanzania ikawa mnunuzi. Wakati ulikuwa mbaya. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazili mwezi Julai 1975 ilikuwa imesababisha bei ya dunia kupaa katika miaka ya 1976 na 1977, na fursa hiyo ikamkuta mkulima akiwa hana chombo chake cha kumsemea. Kodi ya kuuza nje, gharama za mamlaka na thamani ya shilingi iliyopangwa na serikali vilikula sehemu kubwa ya ongezeko hilo kabla halijafika kijijini.

Kisha ikaja vita. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, mwishoni mwa Oktoba 1978. Baada ya ushindi wa mwaka 1979, mkoa ulipewa jina la Kagera, na wananchi wakaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Dhiki iliendelea kwa muda mrefu zaidi ya huo. Sabuni, chumvi, mafuta ya taa na nguo viliadimika madukani. Fedha iliyotoka Mamlaka ya Kahawa ilichelewa, na ilipofika haikuwa na kitu cha kununua. Msako dhidi ya wahujumu uchumi wa mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulilenga walanguzi na waficha bidhaa, lakini katika wilaya za mpakani ulimfikia pia mtu mdogo aliyevuka mto kutafuta sabuni. Ndipo mpaka ulipojitokeza waziwazi kuwa sehemu ya maisha ya kila siku, na serikali ikauona kuwa tatizo la usalama.

Vyama vya ushirika vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, kikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka 1990 Karagwe ilipata chama kikuu chake, KDCU. Kwa wakulima wa Karagwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyerwa, tukio hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa. Kwa mara ya kwanza maamuzi ya ununuzi hayakulazimika kutoka Bukoba. Lakini chama kipya kilizaliwa mwaka mmoja tu baada ya mfumo wa mgawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa kuporomoka, Julai 1989, na bei za dunia kuanguka pamoja nao.

4.0 Soko huria: fedha taslimu na upweke

Msimu wa 1994/95 serikali iliruhusu wanunuzi binafsi kuingia vijijini. Mabadiliko hayo yalifuatana na masharti ya mageuzi ya uchumi, na wakulima hawakuulizwa. Hata hivyo, wengi waliyapokea kwa furaha kwa sababu moja: mnunuzi alikuja na fedha. Kahawa ilipimwa mlangoni, noti zikahesabiwa na shughuli ikaisha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kungoja kulipunguzwa.

Gharama ya uhuru huo ilionekana polepole. Vyama vilikuwa pia njia ya kupata pembejeo kwa mkopo, na vilipodhoofika mkopo huo ulitoweka. Mnunuzi binafsi hakuwa na sababu ya kugharimia mbuni ambao mwakani ungeweza kumuuzia mshindani wake. Mwaka 1997 mnyauko fuzari, ugonjwa unaoukausha mbuni mzima, ulithibitishwa mkoani Kagera, na mwenye shamba lililoambukizwa hakuwa na dawa zaidi ya kung'oa na kuchoma. Miche ya robusta yenye ukinzani ilihitaji miaka ya utafiti. Juu ya hayo, bei ya dunia ya robusta ilishuka katika miaka ya 2001 na 2002 hadi chini ya senti 30 za dola kwa ratili. Wako waliochoka kutunza mibuni na kugeukia maharage, ndizi na mahindi.

Miaka hiyo pia iliijaribu ardhi na kazi. Wakimbizi kutoka Rwanda walioingia kuanzia Aprili 1994 walipokewa si Ngara peke yake bali pia katika kambi za Karagwe, hadi waliporejeshwa Desemba 1996. Kabla na baada ya hapo, watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wakifanya kazi za kibarua katika mashamba ya kahawa na migomba. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, na miongoni mwa walioguswa walikuwamo watu waliokaa mkoani kwa miongo. Kibarua asiye na shamba ndiye aliyekuwa katika hali mbaya kuliko wote. Alimngoja mwenye shamba, naye mwenye shamba alimngoja mnunuzi.

5.0 Butura

Butura hufanyika hasa katika miezi ambayo mibuni imechanua au ina buni changa. Mkulima mwenye shida humwendea mwenye fedha, ambaye huenda akawa mchuuzi, mwenye duka au jirani aliyejaliwa. Wawili hao hukadiria mavuno ya mibuni fulani, na mkulima hupewa fedha kidogo kwa ahadi ya kuitoa kahawa wakati wa mavuno. Bei huwa sehemu ndogo ya ile itakayokuwapo msimu ukifika. Mwenye fedha hubeba hatari ya ukame, ugonjwa na bei kushuka, na kwa hatari hiyo hujilipa vizuri sana.

Viongozi wa serikali wamekemea butura mara nyingi, na kwa haki. Familia inayouza maua leo haina cha kuvuna kesho, na mwakani hulazimika kuuza maua tena. Lakini makemeo hayo huacha swali la msingi bila jibu: mkulima anayehitaji fedha Januari azipate wapi? Benki humtaka dhamana, na hati ya kimila ya ardhi si kila mkulima anayo. Chama cha msingi kina mizani na ghala, lakini hakina mfuko wa kukopesha kwa ajili ya matibabu. Mwenye fedha za butura yupo jirani, haulizi fomu, na hutoa fedha siku ile ile. Kwa hiyo butura ni benki ya asiye na benki, na riba yake kubwa ndiyo kipimo cha ukubwa wa pengo lililoachwa na taasisi rasmi.

Ndani ya kaya, mzigo huo haugawanywi sawa. Kwa kawaida kahawa huhesabiwa kuwa mali ya mwanamume, ilhali kuchuma na kuanika hufanywa kwa sehemu kubwa na wanawake na watoto. Baba anaweza kukubaliana butura bila mama kujua, na mama akaja kufahamu siku ya mavuno, gunia linapobebwa. Maharage, ambayo mara nyingi husimamiwa na wanawake, ndiyo huziba pengo la chakula na la fedha ndogondogo. Hivyo, hasira ya mkulima dhidi ya mfumo wa nje ina mwangwi wake ndani ya nyumba.

6.0 Magendo

Wilaya ya Kyerwa, iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda kaskazini na Rwanda magharibi, na kwa sehemu kubwa mpaka ni Mto Kagera. Kutoka Murongo, mji wa Mbarara ni safari ya saa chache. Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 1,400. Pande zote mbili za mto wapo watu wenye lugha zinazoelewana, ndoa na makaburi ya pamoja. Mto huo ni mpaka wa dola, na kwa wanaoishi kandokando yake ni kivuko.

Mwelekeo wa magendo haukuwa mmoja siku zote. Katika miaka ya 1970, kahawa ya Uganda ndiyo iliyokuwa ikikimbizwa, hasa kwenda Kenya katika biashara iliyovuma kwa jina la soko la Chepkube, kwa sababu bodi ya serikali ya Amin ililipa vibaya na fedha yake haikuwa na thamani. Uganda ilipofungua biashara yake ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, upande wake wa mpaka ulijaa wanunuzi binafsi wanaoshindana na kulipa taslimu. Tangu hapo mvuto umekuwa wa kutoka Kagera kwenda Uganda. Mabadiliko haya yanatoa somo. Kahawa hukimbia pale mnunuzi ni mmoja na malipo yanachelewa, na huelekea pale wanunuzi ni wengi na fedha ziko mkononi, bila kujali bendera.

Hoja ya serikali dhidi ya magendo si dhaifu. Kahawa ikivuka mto, taifa hukosa fedha za kigeni, halmashauri hukosa ushuru wa mazao, na chama kikuu hushindwa kurejesha mikopo yake. Kahawa ya Kagera hupoteza hata jina lake, kwa kuwa husafirishwa duniani ikiwa kahawa ya Uganda. Lakini hasara hizo hupimwa wilayani na Dodoma, ilhali hasara ya kungoja hupimwa jikoni. Aidha, adhabu haiwafikii wahusika kwa usawa. Anayekamatwa kwa urahisi ni kijana mwenye baiskeli au pikipiki na magunia mawili. Mwenye mtaji huwa nyumbani kwake.

7.0 Amri ya 2018 na matokeo yake

Kuanzia mwaka 2018 serikali iliagiza kwamba kahawa yote ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya msingi, na wanunuzi binafsi wakazuiwa kununua vijijini. Dhamira iliyotangazwa ilikuwa kuua butura, kuondoa walanguzi na kuimarisha ushirika. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 na kufuta tozo nyingi za kilimo, hatua iliyompa mkulima nafuu ya kweli.

Katika utekelezaji, mfumo wa zamani ulirudi na udhaifu wake. Chama kikuu kilihitaji mkopo wa benki ili kulipa malipo ya awali. Mkopo ulipochelewa, mkulima alichelewa kulipwa. Riba, usafiri, ukoboaji na makato ya chama vilitolewa kabla ya malipo ya pili. Mwanachama aliyeuliza kwa nini kiasi kilikuwa pungufu alionyeshwa orodha ya makato ambayo hakushiriki kuyapanga. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inasema chama ni cha wanachama, lakini ulazima wa kuuza hapo uliwekwa na serikali. Mwanachama asiyeweza kuondoka ana sauti ndogo, hata akipewa karatasi ya kura.

Hapa ndipo mkulima alipokutana na siasa za nchi kwa namna ya wazi kabisa. Kila miaka mitano kahawa hupewa nafasi katika majukwaa ya kampeni. Kura yake humchagua diwani, mbunge na rais. Haiamui bei ya London, haiamui siku ya benki kuachia mkopo, na haiamui kama mwakani atauza kwa nani. Viongozi husema subira huvuta heri. Mkulima hujibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli. Tofauti iko kwa nani anayesubiri na kwa gharama ya nani.

Katika misimu ya karibuni kumekuwa na mwelekeo mwingine. Kuanzia mwaka 2022 minada ilianza kufanyika mkoani Kagera kwenyewe, wanunuzi wakishindana juu ya kahawa iliyomo katika maghala ya vyama. Wakati huohuo ukame nchini Vietnam ulichangia kupandisha bei ya dunia ya robusta, ambayo mwaka 2024 ilivuka dola 5,000 kwa tani. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa walipata bei ambazo hawakuzizoea. Ni mapema, hata hivyo, kuhesabu neema hiyo kuwa ushindi wa sera peke yake. Bei iliyopandishwa na ukame wa Vietnam inaweza kushushwa na mvua za Vietnam. Linaloweza kudumu ni utaratibu: ushindani wa wazi karibu na shamba, na malipo yanayomfikia mkulima upesi baada ya mnada.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba majina ya wanunuzi yamebadilika, kutoka wafanyabiashara wa bandarini hadi chama kikuu, mamlaka ya umma, makampuni binafsi, na chama tena, huku nafasi ya mkulima ikibadilika kidogo. Yeye ndiye wa kwanza kutoa na wa mwisho kupokea. Soko huria lilifupisha kungoja lakini likamwacha bila mkopo, bila miche na bila mtetezi bei ilipoanguka. Ushirika wa lazima ulimwahidi utetezi lakini ukarefusha kungoja. Butura na magendo vilistawi katika pengo lililobaki kati ya mifumo hiyo, na havikutoweka kwa makemeo wala kwa doria.

Kutokana na hayo, sera ya kahawa katika wilaya hizi inafaa kupimwa kwa vigezo viwili vilivyo rahisi kuhesabiwa. Cha kwanza ni idadi ya siku kati ya mizani na malipo kamili. Cha pili ni kama kaya inaweza kupata mkopo mdogo wa riba ya haki kabla ya mavuno, mibuni yake ikitambuliwa kuwa dhamana. Mwenye fedha za butura amekwisha kuthibitisha kwamba dhamana hiyo inakopesheka, kwa kuwa yeye huikopesha kila mwaka na kupata faida. Chama cha msingi kikiweza kufanya hivyo kwa riba nafuu, mwanachama atakuwa na sababu ya kukipelekea kahawa yake hata pale ambapo hakuna askari kwenye kivuko.